Kuzaa si Kazi, Kazi ni Kulea: Figo Iliyopandikizwa na Mabadiliko ya Seli T

Mnamo Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo katika ardhi ya Tanzania, kwa ushirikiano na madaktari kutoka India. Mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma nayo ikaanza kazi hiyo, ikisaidiwa na wataalamu wa Japani. Kabla ya hapo mgonjwa aliyehitaji figo hakuwa na budi kusafiri nje ya nchi, mara nyingi India, akifuatana na ndugu aliyekubali kumpa figo yake moja. Taifa lina kila haki ya kujivunia hatua hiyo.

Hata hivyo, fahari hiyo kwa kawaida huishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Habari hutangazwa za idadi ya watu waliopandikizwa; ni nadra kutangazwa idadi ya figo ambazo zingali zinafanya kazi katika mwaka wa tano au wa kumi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Rai inayotetewa katika makala haya ni kwamba hatima ya figo iliyopandikizwa huamuliwa zaidi na mabadiliko yanayozipata chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T katika miaka inayofuata upasuaji, na kwamba nchi inayopandikiza figo bila kujenga maabara za kuyafuatilia mabadiliko hayo imeifanya kazi nusu.

Asili ya ugomvi

Mwili hautofautishi kati ya figo iliyotolewa kwa mapenzi ya ndugu na kijidudu kilichoingia kwa hila. Vyote viwili huvihesabu kuwa vitu vigeni. Jambo hili lilianza kueleweka kisayansi wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale Peter Medawar na daktari mpasuaji Thomas Gibson walipochunguza ngozi iliyopandikizwa kwa mgonjwa aliyeungua huko Glasgow. Katika taarifa yao ya mwaka 1943 walionyesha kwamba ngozi ya mtu mwingine hukataliwa, na kwamba ngozi ya mtoaji yule yule ikipandikizwa mara ya pili hukataliwa upesi zaidi. Maana yake ni kwamba mwili hukumbuka. Ugunduzi huo ulikuwa msingi wa kazi iliyompatia Medawar Tuzo ya Nobel mwaka 1960, pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia.

Tarehe 23 Desemba 1954, Joseph Murray na wenzake huko Boston, Marekani, walifanikiwa kupandikiza figo kutoka kwa kijana mmoja hadi kwa ndugu yake pacha wa kufanana. Mgonjwa aliishi miaka minane zaidi. Mafanikio hayo hayakutokana na dawa yoyote ya kutuliza kinga, bali na ukweli kwamba mapacha wa kufanana wana urithi mmoja wa kibiolojia, na kwa hiyo mwili wa mpokeaji haukuona ugeni wowote katika figo ile. Kwa wagonjwa wengine wote, ambao hawana pacha wa namna hiyo, tatizo lilibaki pale pale.

Mwaka 1961 Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London, aliwatoa panya wachanga tezi iitwayo thaimasi, ambayo iko kifuani mbele ya moyo. Panya hao walipokua walikuwa na upungufu mkubwa wa chembe za kinga, na walishindwa kuikataa ngozi ya panya wa ukoo mwingine. Hapo ikadhihirika kwamba chembe zinazoongoza ukataaji hukomaa katika tezi hiyo. Kutokana na herufi ya kwanza ya jina la tezi hiyo kwa lugha za Ulaya, chembe hizo zikaitwa seli T.

Kila seli T hubeba juu yake kipokeo cha kutambulia umbo fulani la protini. Seli T husoma protini hizo zikiwa zimeshikwa na alama za utambulisho ziitwazo HLA, ambazo kila mtu hurithi nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Ndiyo sababu mzazi na mtoto hulingana kwa nusu. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana kikamilifu ni 1 kati ya 4, wa kulingana kwa nusu ni 2 kati ya 4, na wa kutolingana kabisa ni 1 kati ya 4. Seli T zinazoweza kutambua kijidudu kimoja ambacho mwili haujawahi kukutana nacho ni chini ya 1 katika kila 10,000. Lakini zile zinazoweza kushtushwa na alama ngeni za HLA zinaweza kufikia 1 hadi 10 katika kila 100. Kwa hiyo figo ya mtu mwingine huamsha jeshi kubwa kuliko maradhi yoyote ya kawaida.

Yanayozipata seli T baada ya upasuaji

Yafaa ieleweke kwamba mgonjwa haingii chumba cha upasuaji akiwa na seli T za mtu mzima wa afya. Sumu zinazojikusanya katika damu figo zinaposhindwa kazi huzizeesha seli hizo kabla ya wakati. Seli mpya, ambazo hazijakutana na kijidudu chochote, hupungua; zile zilizokwisha kupigana mara nyingi huongezeka. Ndiyo sababu mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine huitikia chanjo kwa unyonge. Figo mpya huziondoa sumu katika damu, lakini uzee wa seli T kwa sehemu kubwa haurudi nyuma.

Juu ya hali hiyo huja dawa. Katika hospitali nyingi duniani mgonjwa aliye katika hatari kubwa ya kuikataa figo hupewa, siku za upasuaji, kingamwili zilizotengenezwa katika damu ya sungura ili ziziangamize seli T zake. Ndani ya siku chache seli hizo karibu hutoweka katika damu. Zinaporudi, hazirudi kama zilivyokuwa. Thaimasi ya mtu mzima imekwisha kusinyaa na haiwezi kuzalisha seli mpya kwa wingi. Hivyo nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na zile chache zilizosalia, ambazo hujigawanya mara nyingi. Kundi la seli ziitwazo CD8, ambazo kazi yake ni kuua, hurejea mapema. Kundi la CD4, ambazo huongoza na kusaidia nyingine, huchelewa, wakati mwingine kwa miaka. Aidha, miongoni mwa zinazorudi, seli za kumbukumbu huzidi, na seli za kumbukumbu ndizo ngumu zaidi kutulizwa kwa dawa.

Dawa za kumeza kila siku hufanya kazi kwa njia nyingine. Siklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongo wa Norwei na kuanza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1978, na takrolimasi, iliyogunduliwa mwaka 1984 katika bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, zote huzuia kimeng'enya kimoja ndani ya seli T. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, seli hushindwa kutoa ishara ya kuziamuru seli nyingine ziongezeke. Seli huiona figo ngeni, lakini amri ya vita haitoki. Ubaya wake ni kwamba ishara hiyo hiyo ndiyo chakula cha kundi jingine la seli T, yaani seli za udhibiti, ambazo hutuliza ugomvi. Kwa hiyo dawa inayomzuia mpiganaji humdhoofisha pia msuluhishi.

Seli hizo za udhibiti zilielezwa na Shimon Sakaguchi wa Japani mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mwaka 2020 zilichapishwa taarifa za majaribio ya Ulaya na Marekani ambamo wagonjwa wachache waliopewa figo za watu walio hai waliongezewa seli za udhibiti au chembe nyingine za kutuliza kinga. Kiwango cha figo kukataliwa hakikutofautiana sana na cha wagonjwa wa tiba ya kawaida, na maambukizo ya virusi yalipungua. Hiyo si tiba ya kesho asubuhi katika hospitali za Afrika, lakini inaonyesha njia ambayo sayansi inafuata: badala ya kuzipiga seli T zote kwa rungu moja, kuzijua moja moja na kuzishawishi.

Historia ya maradhi na historia ya seli

Mpaka hapa mtu angeweza kudhani kwamba jambo lote ni la vitabu vya Ulaya, na kwamba kazi ya daktari wa Dar es Salaam au Nairobi ni kuvifuata. Dhana hiyo ina hatari. Seli T ni kitabu cha kumbukumbu za maradhi yote aliyopata mtu, na kumbukumbu za mtu aliyekulia Afrika Mashariki si zile za mtu aliyekulia Boston.

Chukua virusi vya saitomegalo. Katika Afrika watu wengi mno huambukizwa virusi hivyo utotoni na kubaki navyo maisha yote bila dalili. Kuvilinda visiamke ni kazi ya seli T za CD8, na kazi hiyo ya kudumu hulifanya kundi moja la seli zilizozeeka lijaze sehemu kubwa ya damu. Mgonjwa wa namna hii akipewa dawa nyingi mno, virusi huamka. Na seli za kumbukumbu zilizofunzwa kupigana navyo zaweza, kwa kufanana tu kwa maumbo, kuishambulia figo mpya.

Chukua pia virusi vya Epstein-Barr. Historia yake inaanzia Afrika Mashariki yenyewe, kwani ni uvimbe wa taya za watoto ulioelezwa na Denis Burkitt huko Kampala mwaka 1958, na vipande vyake vilivyopelekwa London kutoka Uganda, vilivyowawezesha Epstein, Achong na Barr kuviona virusi hivyo mwaka 1964. Seli T ndizo zinazovizuia visizigeuze chembe nyingine za kinga kuwa saratani. Zikitulizwa kupita kiasi, saratani ya mitoki huweza kumwota mgonjwa ambaye figo yake inafanya kazi barabara.

Kifua kikuu ni mfano wa tatu, na pengine ndio mzito zaidi. Watu wengi wana vijidudu vya kifua kikuu vilivyozingirwa na seli T mapafuni bila kuleta ugonjwa. Dawa za kulinda figo hulegeza mzingo huo. Ugonjwa ukilipuka, rifampisini, ambayo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hulichochea ini kuivunja takrolimasi kwa kasi kubwa, hata kiasi chake katika damu kikaporomoka. Hapo seli T zilizokuwa zimetulia huamka, na figo hukataliwa wakati ule ule ambapo mapafu yanatibiwa. Daktari asiye na kipimo cha dawa katika damu hawezi kuliona jambo hili mpaka figo iwe imekwisha kuumia.

Hata pasipo maradhi mengine, dozi yenyewe ina ubishi. Kimeng'enya kimojawapo cha ini na utumbo, kiitwacho CYP3A5, huivunja takrolimasi. Wazungu wengi wamerithi umbo lisilofanya kazi la kimeng'enya hicho. Waafrika wengi wamerithi umbo linalofanya kazi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2015 unashauri kwamba mwenye umbo linalofanya kazi aanze na dozi kubwa mara 1.5 hadi 2 kuliko ile ya kawaida. Dozi ya kawaida iliyoandikwa kwa wagonjwa wa Ulaya yaweza basi kuwa ndogo mno kwa mgonjwa wa Mwanza. Na kwa kuwa nafasi kati ya dozi isiyotosha na dozi inayoidhuru figo yenyewe ni finyu sana, hakuna wa kukisia.

Pingamizi na jibu lake

Wapo wanaosema, na hawasemi bila busara, kwamba nchi ambayo wagonjwa wake wa shinikizo la damu na kisukari hawapati dawa za kutosha haina haja ya kushughulika na seli T za wagonjwa wachache. Shinikizo la damu na kisukari ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kushindwa kwa figo, na shilingi inayotumika kukinga huokoa watu wengi kuliko ile inayotumika kutibu. Hilo halina ubishi.

Lakini hoja hiyo ingefaa kutolewa kabla ya upandikizaji kuanza. Mradi umeanza, kila figo inayopotea kwa kukosa uangalizi ni hasara ya watu wawili. Katika Afrika Mashariki mtoaji kwa kawaida ni ndugu aliye hai: dada, kaka, mama, mtoto. Amelala juu ya kitanda cha upasuaji bila kuumwa chochote, akatoa kiungo ambacho hakioti tena. Figo hiyo ikikataliwa, mgonjwa hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na gharama zake hurudi pamoja naye. Zaidi ya hayo, seli T za kumbukumbu na kingamwili zilizozaliwa katika vita hivyo hubaki. Mtoaji wa pili anayefaa huwa mgumu kupatikana, na figo ya pili huwa hatarini zaidi. Alilolionyesha Medawar kwa ngozi mwaka 1943 halijabadilika.

Isitoshe, sehemu kubwa ya vita hivyo haipigwi wiki ya kwanza. Mgonjwa anapojisikia mzima, au dawa zinapokosekana dukani kwa majuma machache, seli T husaidia kuzaliwa kwa kingamwili zinazoila figo polepole bila homa wala maumivu. Kipimo cha kawaida cha uchafu wa damu hupanda pale tu madhara yanapokuwa yamekwisha kutokea. Hii ni sababu mojawapo kuu ya figo kufa baada ya miaka, na inatokana zaidi na upungufu wa dawa na vipimo kuliko upungufu wa mikono ya kupasua.

Yanayopasa kufanywa

La kwanza ni kipimo cha dawa katika damu. Hospitali isiyoweza kupata jibu la kiasi cha takrolimasi kwa wakati unaomfaa daktari kubadili dozi isingepaswa kuongeza idadi ya wagonjwa inaowapandikiza. La pili ni dawa zenyewe: zihesabiwe katika bohari ya taifa kama zinavyohesabiwa dawa za kufubaza VVU, yaani dawa ambazo mgonjwa hapaswi kuzikosa hata juma moja, kwa muda wote figo inapofanya kazi.

La tatu linahusu vyombo ambavyo tayari vipo. Tangu miaka ya 2000 huduma za UKIMWI zilieneza katika Afrika Mashariki mashine za kuhesabu seli T za CD4, na zikafunza mafundi wa maabara hadi wilayani. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kwamba kila mwenye VVU aanze dawa bila kungojea hesabu ya CD4, shughuli za mashine hizo zilipungua. Baadhi yake huhesabu CD4 tu, na hesabu hiyo peke yake haiwezi kumwambia daktari kama figo inakataliwa. Hilo bado linahitaji kipande cha figo chini ya darubini. Lakini hesabu hiyo humwonya daktari kwamba mgonjwa ametulizwa kupita kiasi na yumo hatarini mwa maambukizo. Mashine kubwa zaidi, zilizoko katika vituo vya utafiti na hospitali za rufaa, zaweza kutenganisha seli za kumbukumbu, zilizozeeka na za udhibiti. Ujuzi ulioletwa na msiba mmoja waweza kuwahudumia wagonjwa wa msiba mwingine.

La nne ni utafiti. Kila mgonjwa anayepandikizwa angetolewa damu kidogo kabla ya upasuaji na kwa vipindi maalumu baada yake, ikahifadhiwa na kuchunguzwa, na matokeo yakaandikwa katika daftari moja la taifa. Kwa miaka michache tu lingepatikana jibu la maswali ambayo maabara za Ulaya haziwezi kuyajibu: seli T za mtu aliyeishi na saitomegalo, Epstein-Barr, malaria na kifua kikuu hurudije baada ya kuangamizwa? Ni kiasi gani cha dawa kinachozituliza bila kumwachia mgonjwa kifua kikuu? Kazi hiyo haihitaji jengo jipya. Inahitaji jokofu lisilozimika, daftari lisilopotea, na makubaliano kati ya hospitali na vyuo vikuu kwamba mgonjwa anayetoka wodini hajatoka mikononi mwa sayansi.

Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Figo hupewa jembe siku ile ile inapoingia mwilini, ikalima usiku na mchana; lakini seli T haziachi kuiita mgeni, hata baada ya miaka kumi. Kuzifahamu na kuzipatanisha nayo, siku hadi siku, ni wajibu ambao taifa lilijitwika pale lilipomruhusu ndugu wa kwanza kuitoa figo yake. Kipimo cha haki cha mafanikio ya upandikizaji nchini ni idadi ya wagonjwa ambao, miaka mitano na kumi baadaye, wangali wanaishi kwa figo hizo, pamoja na hali ya afya ya wale waliozitoa.